Mchele Usio na Mawe

Kisikizi kilikuwa kidogo kuliko punje ya ulezi. Kilishonwa ndani ya upindo wa khanga ya Yustina, mahali ambapo hata yeye mwenyewe ilimbidi apapase ili akipate. Asubuhi hiyo, katika nyumba ya msiba mtaani Ipagala, kilikuwa kazini. Kilizitenga sauti za wanawake waliojaa sebuleni mpaka kikamjua kila mmoja. Kilipima mtetemo wa koo la msemaji kuona kama anasema kweli au anapamba, kikachuja vikohozi, vilio na mlio wa sufuria, na kilichobaki kikakirusha makao makuu ya Bima ya Sitara kabla msemaji hajameza mate.

Yustina yeye alikuwa anachambua mchele.

Mchele wenyewe haukuwa na mawe. Dodoma ya miaka hiyo ilikula mchele wa viwandani, uliokwisha kukaguliwa na mitambo punje kwa punje, na watoto wa mjini walikuwa hawajui mtu akitafuna jiwe anakunja uso namna gani. Lakini msibani mchele bado ulimwagwa kwenye nyungo na kuchambuliwa kama zamani. Mwenye ungo mapajani ana pa kuweka macho yake, na mwenye pa kuweka macho huongea.

Bima ya Sitara waliligundua hilo kwa aibu. Mwanzoni walikuwa wakituma roboti kwenda kutoa pole kwa wateja wao. Roboti la kwanza liliketi mkekani kwa heshima zote, likasema "poleni sana" kwa sauti yenye huzuni ya kutosha, na shangazi mmoja akalisukumia gunia la vitunguu. Likavimenya vyote kabla chai haijachemka. Likahamia kwenye mchele, likamaliza, likaosha na vyombo. Wanawake wakabaki wanatazamana, mikono mitupu, hawajui waanzie wapi mazungumzo. Kufika adhuhuri wengi walikuwa wameaga, mfiwa akaachwa na roboti lake. Kesho yake wenye nyumba wakalifungia kwenye banda la kuku. Tangu hapo kampuni ikaajiri binadamu kwa kazi hiyo, ikawapa cheo cha Ofisa Faraja.

Yustina aliipenda kazi yake, na alikuwa na sababu. Mama yake alipofariki, Sitara walimtuma ofisa mmoja, Bi Mwantumu, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, aliyekaa naye matanga yote akimpepea na kumlazimisha anywe uji. Yustina hakumsahau. Alipopata nguvu za kutafuta ajira, akaomba hiyo hiyo. Kuhusu kisikizi aliambiwa kwamba ni cha kunasa matapeli, na kweli aliwahi kumnasa bwana mmoja aliyeliliwa na ukoo mzima huku yuko Arusha anakula nyama choma.

Msiba huu wa Ipagala haukuwa wa kitapeli. Yoeli, fundi wa minara ya kuvuna umande, ile inayolipatia jiji maji yake ya kunywa, alikuwa ameteleza juu ya mnara akaanguka. Mkewe Sechelela alikuwa hajatamka neno tangu mazishi. Alikaa karibu na Yustina akiuchezea mchele kwa vidole, na ghafla akasema, "Mimi ndiye niliyemuua."

Nyungo zikasimama.

"Asubuhi aliniambia kichwa kinamzunguka. Nikamwambia nenda tu baba, tusije tukakatwa mshahara. Mimi ndiye niliyemuua mume wangu."

"Acha hayo, wifi," dada wa marehemu akamjibu upesi. "Siku yake ilikuwa imefika."

"Usiseme hivyo, mwenzangu. Hata mume wangu huwa anaamka na kizunguzungu, na anakwenda," jirani akadakia.

"Ni mipango ya Mungu, mama."

"Usiseme hivyo," Yustina naye akasema, na akamfuta machozi kwa ncha ya khanga ile ile.

Kesho yake mkuu wa madai, Bwana Kitundu, alimwita ofisini kwake. Alikuwa mtu mpole, aliyewauliza wafanyakazi habari za watoto wao kwa majina.

"Kazi nzuri, Yustina. Marehemu alipanda mnara akijua anaumwa, na mkewe alijua. Hapo hakuna fidia. Nahitaji uthibitisho wako tu."

Sheria ilikuwa hivyo. Neno lililosikiwa na mashine halikusimama mpaka binadamu aliyekuwepo atamke mbele ya mashine hiyo hiyo: "Nilisikia." Yustina alikuwa amekwisha kulitamka mara nyingi, wakati mwingine huku akiwaza mboga ya jioni.

Bwana Kitundu akafungulia sauti iliyonaswa. Sechelela alisikika safi, peke yake, kama mtu aliyefungiwa kwenye chumba kitupu. *Mimi ndiye niliyemuua.* Kisha kimya. *Mimi ndiye niliyemuua mume wangu.* Kimya tena.

"Wengine wako wapi?" Yustina akauliza.

"Wengine gani?"

"Tulimjibu. Wifi yake alimjibu, jirani akamjibu, mimi nikamjibu."

"Aa, hayo. Kisikizi huyachuja pamoja na kelele. Maneno ya pole ni yale yale kila msiba, Yustina. Hayana taarifa ndani yake."

 Yustina alikumbuka jibu ambalo Sitara walimpa yeye mwenyewe, baada ya matanga ya mama yake: fidia imekataliwa, sababu ni uzembe wa aliyemuuguza. Fedha hazikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba kampuni nzima, pamoja na wataalamu na mitambo yake, ilikuwa imechunguza na kuona kwamba kweli ni yeye. Usiku aliokufa, mama alimwita, yeye amelala. Miaka yote hiyo alikuwa ameubeba uamuzi ule bila kumwambia mtu, wala hakuwahi kujiuliza kampuni ilijuaje habari za usingizi wake.

"Msiba wa mama yangu," akasema. "Mnao?"

Bwana Kitundu alisitasita. "Tunatunza yote. Kisikizi kikirudishwa, hata kelele tunazipakua."

"Nifungulie nisikie. Pamoja na hizo kelele zake."

Angeweza kukataa, na labda alipaswa kukataa. Lakini alimtazama usoni, akagusa meza, na chumba kikajaa sufuria, vikohozi na mvumo wa wanawake. Katikati yao Yustina akaisikia sauti yake mwenyewe ya zamani, imekauka kwa kulia: *Aliniita, nikalala. Mimi ndiye niliyemuua mama.*

Sauti zikamjibu kwa pamoja, zikigongana. *Usiseme hivyo! Jamani, mshikeni. Hapana, mama, hapana.* Halafu moja ikaja karibu kabisa na kisikizi, ya taratibu, ya Bi Mwantumu: *Usiseme hivyo, mwanangu. Umemuuguza mwaka mzima peke yako. Mtu akichoka hulala.*

Siku ile hakuwa amelisikia neno lao hata moja. Uchungu ulikuwa umemziba masikio. Na huyo huyo Bi Mwantumu, kesho yake, alikuwa amesimama mbele ya mashine akasema alisikia.

Yustina alilia pale pale ofisini, bila kujificha. Bwana Kitundu akamsogezea maji.

"Pole. Lakini nahitaji neno moja tu. Ulisikia, au hukusikia?"

"Bosi, mfiwa hasemi vile ili aaminiwe. Anasema ili watu wamkatalie. Ndiyo maana hatumwachi peke yake. Sasa sisi tunakwenda kumwambia kwamba ni kweli?"

"Hayo ni ya msibani. Hapa ni kazini."

"Basi nilisikia yote. Wifi, jirani, na mimi mwenyewe. Iandike hivyo."

Mashine ilisubiri. Katika fomu yake ya uthibitisho kelele hazikuwa na mahali pa kukaa, na "yote" halikuwa jibu inaloweza kulipokea. Mwisho ikatangaza kwamba ushahidi haukukamilika, na kwa sheria hiyo hiyo fidia ya Sechelela ikapita. Bwana Kitundu akashusha pumzi. Alimwambia Yustina, kwa upole wake uleule, akabidhi khanga mapokezi, kwa kuwa ilikuwa mali ya kampuni.

Alitoka akiwa mwepesi mabegani, lakini hakuwa na furaha. Sechelela alikuwa ameponea. Kulikuwa na wengine ambao majibu yao yaliwafikia zamani, na kila jibu lilikuwa limepita kinywani mwake. Hakukumbuka mikataba yao. Alizikumbuka sebule zao.

Jumamosi alinunua mchele, akapanda gari lisilo na dereva mpaka mtaa wa Kikuyu, kwenye nyumba yenye mlango wa kijani. Aliyefungua ni mwanamke aliyefiwa na kijana wake baada ya kumruhusu asafiri siku ya mvua. Alimtambua Yustina mara moja. Hakumkaribisha.

"Huku hakuna msiba, mama," akasema. "Ulishapita."

"Najua. Siku ile ulisema ni wewe uliyemuua mwanao. Mimi nikaenda kuthibitisha kwamba umesema." Akasogea karibu na mlango. "Si kweli, dada. Usiseme hivyo. Nimechelewa kukujibu."

Yule mama akautazama mfuko wa mchele mkononi mwake.  Aliuacha mlango wazi akaingia ndani, na Yustina, akiwa bado amesimama kizingitini, akamsikia jikoni anatafuta ungo.