Mlango wa Mninga wa Kibaoni

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumanne tarehe 21 Oktoba, Balbina alisimama na mumewe mbele ya nyumba aliyokuja kuinunua akakuta haina mlango. Si kwamba ulikuwa wazi. Haukuwepo. Fremu ilibaki imekodoa, na ndani sebule ilionekana mpaka dirisha la nyuma.

Balbina aliweka mkoba chini akashusha pumzi. Alikuwa amelitumikia jeshi la polisi miaka thelathini na miwili, akastaafu akiwa sajenti, na siku aliyorudisha sare aliapa kwamba neno wizi hataki kulisikia tena mpaka anaingia kaburini. Alichotaka ni kibaraza cha kukalia. Mumewe, Amedeus, alikuwa seremala wa mashamba ya miwa kule Kidatu, naye amestaafu, na nyumba ya kambi waliyoishi miaka ishirini na tisa ilitakiwa kurudishwa tarehe 30. Siku tisa. Hapa Kibaoni hawakumjua mtu, lakini nyumba hii aliipenda. Alikuja kuiona mara tatu, Agosti, Septemba na Jumamosi iliyopita, na kila mara ilikuwa kavu, safi, imepakwa rangi hadi chooni. Leo ilikuwa siku ya kusaini.

"Astaghfirullah," alisema Yasser, dalali wao, aliyepanda basi lao pale Mang'ula. "Mlango wa mninga wameubeba!"

Kibarazani mgambo wawili walikuwa wamemkalisha chini Faustin, mlinzi wa nyumba, mtu wa miaka arobaini hivi, mikono imefungwa kwa kamba ya katani. Pembeni alisimama mwenye nyumba, Bwanaheri, ambaye ana duka la vyakula karibu na stendi.

"Shikamoo mama. Umekuja siku mbaya."

"Marahaba. Imekuwaje?"

"Imekuwa hivyo unavyoona. Mlinzi ni huyu, mlango hakuna. Akifika kituoni atasema alikouuza. Ila sisi tusikwame, mama. Mlango naweka mwingine leo leo, wa chuma. Twendeni tukasaini."

Nusura Balbina akubali. Magoti yalimuuma, basi lilimtikisa saa mbili nzima, na hakuwa na nguvu ya kuanza kutafuta nyumba nyingine. Mlango ni mlango tu. Kisha akamtazama Faustin, ambaye alikuwa anajaribu kufukuza nzi usoni kwa bega.

"Mfungueni mikono kwanza," alisema kwa uchovu. "Hatakimbia. Faustin, jana usiku ulikuwa wapi?"

"Msibani, mama, mtaa wa pili. Tangu saa mbili mpaka alfajiri. Nilimpigia bosi kumwomba ruhusa, akasema nenda."

"Mwongo!" alisema Bwanaheri. "Hakuniambia chochote."

"Nipe simu yako, Faustin."

Simu ilikuwa ya tochi, kioo kimepasuka, lakini ilitunza kumbukumbu. Jumatatu, saa moja na dakika thelathini na nne jioni, alimpigia Bwanaheri. Walizungumza dakika moja na sekunde arobaini.

"Alinipigia mambo ya bomba," Bwanaheri alisema.

Balbina alimgeukia mumewe, ambaye tayari alikuwa amepiga goti kwenye fremu, miwani imeshuka puani, anapapasa matundu ya skrubu.

"Hakuna kilichovunjwa," alisema Amedeus akikohoa. "Kitasa kimefunguliwa kwa ufunguo. Mlango umeachwa wazi, ndipo skrubu za bawaba zikatolewa moja moja, taratibu. Huyu alikuwa na nafasi yake." Akagonga fremu kwa kidole. "Halafu hii fremu ni mtiki, mpya. Haina mwaka. Na huo mlango, uliniambia ni wa zamani?"

"Wa zamani sana. Mzito, umepakwa vanishi nyeusi."

"Ajabu. Kwa kawaida fremu huishi mpaka ikauzika mlango. Hapa mlango umeizika fremu."

Balbina aliangalia ndani. Mabati mapya kumi na manane yalikuwa yamelala sebuleni pale pale alipoyaona Jumamosi. Mwizi gani anaruka mabati, anabeba mlango wa kuinuliwa na watu wawili? Chini, pale mlango ulipokuwa ukisimama, sakafu ilikuwa na kiraka cha saruji mpya, upana wa tofali, kutoka ukuta hadi ukuta. Aliwahi kukiona, akadhani ni umaridadi.

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili," alisema Yasser, akatoa wake mfukoni bila kuulizwa. Madalali huwashwa haraka na shutuma. "Mimi tangu jana mchana niko Mang'ula na mteja. Mama, umeniona kwa macho yako nikipanda basi."

"Nimekuona. Na wa pili?"

"Wangu unaning'inia dukani kwenye msumari," alisema Bwanaheri. "Duka linaingia watu mia. Tena msimsahau jirani hapo, Minza. Msimu wa kilimo ukikaribia anasaka mbao za kujengea dungu la kulindia ndege kule shambani. Mkamwulize."

Saa tano kasoro dakika tano Balbina alipiga hodi kwa Minza. Alipoingia alijikwaa, karibu aanguke kifudifudi. Mlangoni palijengwa kizingiti cha tofali kinachofika katikati ya ugoko. Nyumba zote za uchochoro ule zilikuwa nacho, na siku zote tatu Balbina alikuwa akiviona na kusema moyoni kwamba watu wa huku wanawaogopa kuku.

Minza alikuwa mama wa Kisukuma, mkulima wa mpunga, mrefu, asiyependa kusimama bure. Alimwamkia kwa kumwita mayu, yaani mama, akamvutia kigoda, akaendelea kupeta mchele.

"Mbao? Dungu langu ni la miti na nyasi, mayu. Nipeleke mninga shambani nikafukuzie ndege? Nimekuwa chizi?"

"Nimetumwa kuuliza, naye aliyenituma anajua si wewe."

"Anajua sana."

Balbina alitazama chumba. Kitanda kilipandishwa juu ya tofali nne nne. Magunia ya mpunga hayakuwa chini, yalikaa kwenye uchaga karibu na kenchi, mahali ambapo mtu hapandi bila ngazi. Miaka thelathini na miwili ya kuangalia nyumba za watu ilianza kumnong'oneza jambo ambalo hakutaka kulisikia.

"Minza, hiki kizingiti ni cha kuzuia kuku?"

Minza aliacha kupeta. "Kuku?" Akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga, kisha akanyamaza, maana aliona mwenzake hacheki. "Ni maji, mayu. Machi, Aprili, mto ukijaa. Mwaka huu yalifika hapa." Aligusa paja lake, juu kidogo ya goti. "Pale kwa Bwanaheri ndipo bondeni kuliko pote. Naye kizingiti alikuwa nacho, amekivunja mwezi wa saba."

"Mbona hamkuniambia? Nimepita hapa mara tatu. Nimewasalimia."

"Hukuuliza. Huku hatumharibii mtu soko. Mgeni akiuliza tunamwambia, asipouliza tunamtakia heri."

Balbina alikaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alihisi aibu. Askari mzima alikuja kuangalia nyumba wakati wa kiangazi, katika bonde linaloishi kwa mafuriko, akauliza habari za umeme na umbali wa hospitali, wala hakuuliza habari za maji. Nusura auziwe mbuzi kwenye gunia.

Lakini mlango ulikuwa bado haujapatikana, na Faustin alikuwa bado mikononi mwa mgambo. Njiani kuelekea stendi aliyapanga mambo yake kama alivyozoea. Maji yalikula fremu, ikabidi iwekwe mpya. Mlango ulikuwa mzuri mno kutupwa, ukatengenezwa. Mnunuzi asiyejua mbao asingeona kitu. Nani, basi, alijua kwamba anakuja mtu anayejua? Yasser aliambiwa tu kwamba mume wa Balbina ni mgonjwa wa kifua. Faustin hajawahi kuzungumza naye zaidi ya salamu. Bwanaheri je?

Jumamosi alikuwa amekaa dukani kwake, juu ya gunia la mchele lenye alama ya rangi ya bluu, chini kabisa, magoti yamempanda karibu na kidevu, na alipotaka kuinuka ilibidi Bwanaheri amshike mkono. Akiwa amekaa hivyo, moyo umefurahi, ndipo aliposema: "Jumanne nakuja na mzee. Seremala huyo. Ubao akiugusa anakuambia ulizaliwa wapi."

Saa sita na robo waliingia dukani wote: Balbina, Amedeus, Yasser, na Faustin kati ya mgambo wake wawili. Bwanaheri alikuwa anapima sukari.

"Karibuni. Amekiri?"

"Bado," alisema Balbina. "Niruhusu nikae, miguu imekwisha."

Alijikokota mpaka kwenye gunia lile lile lenye alama ya bluu, akakaa. Miguu yake ikaning'inia. Haikufika chini. Aliichezesha kidogo hewani, mtu mzima na mkoba wake mapajani, na mmoja wa mgambo akacheka kabla hajajizuia.

"Bwanaheri, Jumamosi nilikaa hapa hapa ukanivuta mkono ili niinuke. Leo gunia limekua au mimi nimepungua?"

Bwanaheri aliweka chini upawa wa sukari.

"Amedeus, angalia chini ya magunia haya."

Mgambo waliyasogeza magunia matano. Chini palikuwa na turubai, chini ya turubai mlango wa mninga umelala juu ya tofali, kama chaga ya kawaida ya dukani. Amedeus alipiga magoti, akapitisha kiganja kutoka kwenye kitasa kushuka chini, kiganja kikakoma mahali pamoja.

"Hapa pameungwa. Juu ni mninga wa miaka arobaini, chini ni ubao wa mwaka huu. Kaunga vizuri huyu fundi, namsifu. Ila juu ya kiungo maji yameacha mstari, na vanishi haijaufuta."

Yasser alikuwa anatazama nje, na Balbina alijua kwamba dalali naye hakuuliza habari za maji kwa sababu hakutaka kujibiwa.

"Uliogopa mkono wa huyu mzee," Balbina alimwambia Bwanaheri. "Jana Faustin alipoomba ruhusa ya msiba ukapata nafasi. Ufunguo unao, guta la kubebea mizigo ya duka unalo, na wa kukusaidia kubeba hakosekani. Ukajiibia."

"Ni mlango wangu, mama," alisema Bwanaheri kwa sauti ndogo. "Mtu haibi cha kwake." Kisha mabega yakamshuka. "Nifanyeje? Aprili mke wangu, Asmahani, alikaa juu ya meza siku mbili na mama yangu mgonjwa. Maji yalipotoka akasema nyumba ile harudi. Mwenyeji hanunui, mwenyeji anajua. Anabaki mgeni. Na mimi nilikuwa mgeni! Niliuziwa Septemba, miaka minne iliyopita, na mzee aliyenikaribisha kwa chai na maandazi. Hakuna aliyeniambia."

Balbina alimwonea huruma kweli. Kisha akageuka akamwona Faustin anajisugua alama za kamba, na hasira ikampanda.

"Na huyu?"

"Nilidhani wangemwachia jioni."

"Ulidhani! Nimewaona waliodhaniwa wataachiwa jioni, Bwanaheri. Wengine waliachiwa baada ya mwaka."

Mgambo mkubwa akauliza kama wampeleke yeye kituoni.

"Mwulizeni Faustin," alisema Balbina. "Aliyefungwa kamba ni yeye."

Faustin alisema anataka aombwe radhi kule kibarazani, mbele ya majirani walioona akifungwa. Akaombwa.

"Langu ni moja," alisema Balbina. "Mlango urudi, na kizingiti ujenge upya leo, tukiwa hapa. Uza nyumba yako, sikukatazi. Lakini anayekuja ajikwae kwanza."

Saa kumi alasiri Amedeus alikuwa anakaza skrubu ya mwisho, na Faustin anasawazisha saruji juu ya tofali. Balbina alikaa kwenye kibaraza alichokipenda, akakiangalia kwa mara ya mwisho. Alitamani kulia, akaona hata kulia ni kazi. Siku tisa.

Minza alitokea na bakuli la wali na samaki, akaliweka katikati yao.

"Mayu, chumba changu cha uani kiko wazi. Mtajihifadhi mkitafuta pengine."

Balbina alimtazama. "Maji yanaingia?"

"Yanaingia. Machi, Aprili. Mwaka huu yalifika kwenye paja, na choo kilijaa, tukawa tunaomba choo kwa watu wa kule juu barabarani." Minza alimgeukia Amedeus. "Kitanda chenu kina miguu mirefu?"

"Mifupi," alisema Amedeus, akiokota mabaki ya mbao sakafuni. "Nitairefusha."