Mstari Haukulala

Mhandisi alikuwa amelala kifudifudi chini ya meza yake ya kazi, kiatu kimoja kimemvuka. Kando ya kichwa chake kulikuwa na transfoma ya chuma, na nywele zilikuwa zimenata kwenye pembe yake.

Inspekta alichuchumaa. Vijana wa kituoni walimwita Mama Maswali, ila si mbele yake. Alitazama jeraha la kisogoni, kisha akatazama meza. Palikuwa na osiloskopu tatu ndogo za USB, vifaa vya kuonyesha umeme kama mstari kwenye kompyuta, za bei nafuu, kila moja kama kipande cha sabuni. Chuo cha ufundi kilikuwa kimempa marehemu kazi ya kuzipima, pamoja na miongozo yake, kabla ya kuyanunulia madarasa yote, kwani mwezi uliopita mwanafunzi aliyejaribu moja alipigwa na umeme hadi akakatwa vidole hospitalini.

Mkufunzi mkuu wa maabara ndiye aliyepiga simu polisi. Maelezo yake yalikuwa yamenyooka.

"Nilikuwa ofisini kwangu, chini. Umeme ukakatika jengo zima. Nikajua amebana kibanio cheusi cha osiloskopu kwenye waya wa moto, akaangusha swichi kuu. Nikaenda stoo kuipandisha. Kule ni giza, nikachelewa. Niliporudi juu, nikamkuta hivi."

"Mlango huu hufunguliwaje?"

"Kwa kadi. Ila umeme ukikatika, unafunguka wenyewe. Mtu yeyote angeingia."

"Kadi anazo nani?"

"Mimi na yeye tu."

"Ulimwona mtu?"

"Mdogo wake. Alikuwa anazurura kwenye ngazi. Jana waligombana, chuo kizima kilisikia."

Kabla ya saa kuisha, kijana yule alikuwa mahabusu.

"Mligombea nini?" Inspekta alimuuliza.

"Mama, akae kwa nani. Dada alitaka akae kwake. Mimi nikakataa, nikamtolea maneno mabaya."

"Na leo ulimfuata kwa nini?"

"Kumwomba msamaha. Nilibisha mlango. Nikamwambia, dada, fungua, nimekubali, mama aje kwako. Hakufungua. Nikasema bado amenuna, nikaondoka."

"Mlango ulikuwa umefungwa?"

"Niliusukuma kwa bega, afande. Haukutikisika."

Koplo aliyekuwa akiandika alicheka kwa pua. Yeye kesi alikwishaifunga zamani, alichongoja ni chai tu.

Kwenye benchi la nje alikaa mama yao, mkoba umemlalia mapajani. Hakulia. Inspekta alipopita, mama alimshika kiganja.

"Mwanangu, wa kike yuko mochwari. Wa kiume mmemfungia humo. Mimi nirudi nyumbani na nani?"

Inspekta aligeuza gari akarudi maabara, akamburura koplo pamoja na njaa yake.

Maiti ilikuwa imekwisha kuondolewa. Laptopu ya marehemu ilikuwa palepale, kioo cheusi. Inspekta aligusa kitufe kwa kidole chenye glovu. Kioo kikawaka. Mstari wa kijani ulikuwa unapanda na kushuka, na pembeni programu ilionyesha kuwa bado inarekodi. Osiloskopu moja ilikuwa imechomekwa, na ncha yake ya kupimia ilining'inia ukingoni mwa meza, haikugusa kitu.

Alikaa akiutazama mstari ule kwa muda. Kisha akamtuma koplo stoo, akamwita mkufunzi.

"Nisaidie, Mwalimu. Mimi mambo haya yananipiga chenga. Hii imeunganishwa na nini?"

"Haijaunganishwa na kitu. Ni jaribio. Unaiacha ncha inaning'inia, unaangalia inanasa takataka za umeme kiasi gani."

"Mbona mstari unacheza?"

Mkufunzi alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alikuwa amefundisha tangu ujana, na swali la namna hiyo lilimnogea.

"Ni mvumo wa umeme wa ukutani, Inspekta. Nyaya zimezunguka chumba kizima, ncha inaunasa hewani. Vua glovu, gusa."

Inspekta aligusa. Mstari ukaruka juu.

"Mwili wako nao unaunasa," alieleza mkufunzi. "Kwa hiyo ukigusa, unazidi."

"Kumbe. Na umeme ukikatika jengo zima?"

"Mstari unalala. Unakuwa bapa kabi..."

Neno halikumalizika. Inspekta alikwishachukua redio.

"Koplo, shusha swichi kuu."

Taa zikazimika. Kitasa cha mlango kikalia, mlango ukaachia. Laptopu iliendelea kwa betri yake, na juu ya kioo mstari ulikuwa umelala.

"Pandisha."

Mstari ukaanza kucheza tena. Inspekta alirudisha rekodi nyuma, tangu marehemu alipoanza jaribio hadi polisi walipoingia.

"Nionyeshe ulipolala, Mwalimu."

Mkufunzi aliufuata mstari kwa kidole hadi mwisho wa rekodi.

"Haukulala hata mara moja," alisema Inspekta. " Mahali pamoja tu uliruka, kama ulivyoruka nilipogusa. Hapa kuna mtu alianguka juu ya meza. Umeme haukukatika kama ulivyosema, mlango haukufunguka. Wenye kadi ni wawili, na mmoja amekufa."

Mkufunzi aliketi kwenye stuli ya marehemu.

"Alikuwa mwanafunzi wangu," alisema. "Mwongozo wa kiwanda una ukurasa wa onyo. Kibanio cheusi kimeungana moja kwa moja na kompyuta, usikibane kamwe kwenye waya wa moto. Nilipoutafsiri mwongozo niliuruka ukurasa huo. Nilikuwa na haraka, nikasema nitaurudia. Nikasaini bila kuusoma tena."

"Na yule mwanafunzi aliyekatwa vidole mwezi uliopita?"

"Alifuata tafsiri yangu. Nikatangaza kuwa ni uzembe wake." Alijifuta uso. "Huyu marehemu akailinganisha miongozo yote miwili, wa kiwanda na wangu. Nikamsihi aandike kuwa kiwanda ndicho kilichosahau. Akaniambia, 'Mwalimu, yule mtoto anaamini kosa ni lake.' Akanipa mgongo, akaendelea kuandika. Nilitaka aache kuandika tu."

"Mdogo wake alipobisha, ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya mlango. Nilisimama mpaka akaondoka."

"Dada yake alikuwa amekwisha kufa?"

"Alikuwa bado anapumua."

Koplo, aliyekuwa amerudi kutoka stoo na kusimama mlangoni, alitazama sakafu. Njaa ilikuwa imemtoka.

Kituoni, maelezo yalipochapwa, mkufunzi alinyoosha mkono kuchukua kalamu. Inspekta aliivuta.

"Soma kwanza. Kurasa zote."

Alisoma zote, akasaini.

Mahabusu ilifunguliwa. Mama alimshika mwanawe mkono wa shati, asimwachie. Kijana alikwishasikia habari kutoka kwa koplo, ila hakusikia yote. Alisimama mbele ya Inspekta.

"Afande, nilipokuwa mlangoni. Dada alinisikia?"

Inspekta aliwatazama wote wawili.

"Alikusikia," alisema.

Kisha akarudi ofisini kuandika ripoti, na hilo hakuliandika.