Majivu ya Neno Mkono

Inspekta Pell alikuwa amepiga magoti mbele ya meko ya chumba cha uandishi, akichekecha majivu kwa chekeche la jikoni. Saa mbili asubuhi Daktari Threlkeld, mhariri wa kamusi, alikuta humo mabaki ya vikaratasi vya neno mkono, vilivyonukuliwa mifano ya matumizi yake.

"Sisi Waingereza tuna mikono mingi katika lugha yetu, Inspekta," alisema kwa uchungu. "Kibarua wa shamba, mkono. Mshale wa saa, mkono. Karata za mchezaji, mwandiko wa mtu, makofi ya kumtuza mwigizaji, yote mkono! Kila maana ilikuwa na ushahidi wake, na huyu msichana kautia moto!"

"Si mimi!" Hetty, mtumishi wa nyumba, alilia. "Mimi nachoma takataka za kapuni tu. Ukinifukuza bila barua ya sifa, nani ataniajiri? Mama atakula nini?"

"Subiri, binti," Pell alisema. Akashuka jikoni na chekeche, akachekecha majivu ya huko, akarudi na pini zilizoungua kiganjani.

"Hetty huchoma karatasi na pini zake. Hapa juu hakuna hata moja."

"Ajabu. Vikaratasi vilibanwa kwa pini, maana kwa maana," alisema Threlkeld. "Wasaidizi wangu nimewazoesha kuzichomoa kabla ya kutupa chochote. Fenn! Msaidizi huyo nilimfukuza juma lililopita, akaapa nitajuta."

"Fenn yuko rumande mjini Leeds tangu juzi, kwa ulevi. Nimepata telegramu."

Alibaki msaidizi mmoja, aliyesimama mlangoni. Garside alicheka kidogo. "Utanifunga kwa pini, Inspekta?"

"Sijamfunga mtu. Nionyeshe tu maana za neno mkono ulizokwisha kuandika."

"Zitoe," Threlkeld alisema. "Wapiga chapa wanazingoja Jumatatu."

Garside alikaa kitini polepole. "Hakuna. Miezi minane! Nikimaliza maana moja, vikaratasi viwili vinaikataa. Ningekwambiaje, Daktari?"

"Ukaona bora Hetty abebe lawama," alisema Pell.

"Nilidhani atapata kazi kwingine."

"Kwingine wapi, wewe?" Hetty alifoka.

Garside aliinamisha kichwa. "Nusu ya vikaratasi iko chini ya godoro langu. Nilishindwa kuichoma."

Pell alipoondoka naye, Threlkeld alimgeukia Hetty. "Nimekukosea. Kazi yako ipo."

"Asante, bwana. Lakini barua ya sifa niandikie leo leo. Siku nyingine huenda Inspekta asiwe na nafasi ya kunitetea."

Threlkeld akaiandika kwanza, Hetty amesimama hapo hapo. Kisha, vikaratasi vya chini ya godoro vilipoletwa, akafungua bunda la kibarua wa shamba. Giza lilipoingia hakuwa amefika hata kwenye mshale wa saa. Akafuta kalamu, akaviacha vikaratasi mezani hadi kesho.