Kadi ya Mwisho Ukutani

Kila asubuhi, kabla Injinia hajamaliza kufunga kamba za viatu, mdogo wake wa miaka mitano alimuuliza swali lile lile.

"Dada, leo mmemaliza?"

"Bado kidogo," Injinia alijibu, akijifanya anatafuta daftari mkobani.

Jina la Injinia alipewa na wenzake wa darasa la saba. Mama yake alikuwa msimamizi wa ujenzi, na yeye mwenyewe hakuachana na futi ya kupimia. Mdogo wake alikuwa na haki ya kuuliza. Hii ilikuwa wiki ya tatu darasa lake la chekechea limefungwa, baada ya watoto wengi kuugua tumbo. Mwalimu mkuu alisema halitafunguliwa mpaka papatikane mahali pa watoto kunawa mikono: ukuta mfupi wenye koki tatu. Darasa la saba likajitolea kuujenga, Injinia akachaguliwa kiongozi, wakagawana makundi ya kuchimba, kujenga na kupaka rangi, na fundi bomba akaahidi kuja Ijumaa kuunganisha maji.

Tangu siku ya kwanza, kazi ilikwenda mrama. Jumatatu walibeba matofali yote kwa mkupuo mmoja, wakayarundika karibu na mahali pa kujengea. Loo, walijiona wachapakazi kwelikweli! Jumanne wakagundua kwamba wameyarundika juu ya njia ya mtaro wa bomba. Wakayahamisha. Jumatano wakayahamisha tena, kwa sababu sasa yalimzuia mwenye toroli asipite. Wachimbaji wakachoka kwa kubeba matofali hata mtaro wasiuguse. Ukuta ulipokwisha kujengwa na kupigwa plasta, wapaka rangi, waliochoshwa na kukaa bure, wakaupaka rangi ya bluu ukang'aa.

Ijumaa fundi bomba akaja na mkoba wake, akasimama mbele ya ukuta ule, akashika kiuno.

"Mtaro uko wapi?"

Wachimbaji wakaliangalia rundo la matofali.

"Na bomba nitalipitisha wapi, hewani? Nani kawaambia mpake rangi kabla yangu? Huu ukuta itabidi niuchimbue!" Akaubeba mkoba wake. "Mkiwa tayari mniite. Mimi nina kazi kwingine."

Wanafunzi wote thelathini wakamgeukia Injinia. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Na kama vile hiyo haitoshi, Mwalimu mkuu akatokea.

"Vipi, Injinia? Ijumaa ijayo watoto warudi?"

"Bila shaka, Mwalimu! Kila kitu kiko sawa."

"Vizuri sana. Leo leo nitawaarifu wazazi."

Jioni mdogo wake alimkimbilia mlangoni. "Dada, mmemali—"

"Hebu niache!" Injinia alifoka. Mtoto akaangua kilio, na Injinia naye akalia, kwa hasira na kwa aibu. Mama yao alimbembeleza mdogo kwanza, kisha akamsikiliza mkubwa mpaka mwisho. Hakugomba.

"Kesho utanifuata kazini," alisema tu.

Kazini kwa Mama palikuwa na jengo la ghorofa mbili lisilo na milango bado. Ukuta mmoja wa ofisi yake ya mabati ulijaa kadi za rangi mbalimbali, kila fundi na rangi yake. Asubuhi ile mafundi walisimama mbele ya kadi hizo, wakazisoma kuanzia ya mwisho, kisha kila mmoja akasema atafanya nini leo. Ilipofika zamu ya fundi umeme, akang'oa kadi yake.

"Chumba cha pili leo sitakiweza. Nyaya hazijafika."

Injinia akajikunyata, akingoja mama yake awake. Mama akaitikia kwa kichwa. "Asante kwa kusema mapema. Fundi plasta, anza chumba cha nne."

Mafundi walipotawanyika, Injinia aliuliza, "Mama, mbona hukumkemea?"

"Nimkemee kwa kusema kweli? Nikimkemea leo, kesho atanificha. Halafu watu wa plasta wakae humo kutwa wakihesabu nzi."

"Na mbona mnazisoma kadi kuanzia mwisho?"

"Tunaanza na siku mwenye nyumba anaingia, tunarudi nyuma hatua kwa hatua. Kila fundi anamwambia aliyemtangulia: mimi ili nianze, nahitaji hiki na hiki kiwe tayari. Hakuna anayekimbilia kazi ambayo zamu yake haijafika."

Injinia aliyakumbuka matofali, na ule ukuta wa bluu. "Mama, nilimwambia Mwalimu kila kitu kiko sawa."

"Basi kadi yako ya kwanza unaijua."

Jumatatu alikwenda ofisini kwa Mwalimu mkuu, akaungama. Mwalimu alikunja uso. "Na wazazi nimeshawaarifu! Sasa Ijumaa itawezekana?"

"Sijui, Mwalimu. Tukishapanga, nitakuambia kabla ya saa nane."

Darasani alibandika kadi moja mwishoni mwa ukuta: WATOTO WANANAWA MIKONO. "Kabla ya hapo kunahitajika nini?" aliuliza. Maji yatoke. Kabla ya hapo? Koki zifungwe. Kabla ya hapo? Walirudi nyuma hivyo, wakibishana kweli, mpaka wakafika kwenye mtaro. Ndipo wapaka rangi walipoona wenyewe kwamba wao ni wa karibu na mwisho, na kwa sasa wawasaidie wachimbaji. Kabla ya saa nane Mwalimu alipata jibu: fundi bomba Jumatano, watoto Ijumaa.

Jumanne mchana kiongozi wa wachimbaji, waliyemwita Domo kwa majigambo yake na kwa kuwa hakuwahi kukubali kushindwa, aliingia darasani amejaa vumbi. Akaing'oa kadi yake.

"Mtaro hauishi leo. Tumekutana na jiwe, kubwa kama meza ya mwalimu."

Damu ilimchemka Injinia. Siku nzima imepotea! Maneno makali yalimfika ulimini, akayameza.

"Asante kwa kusema mapema," alisema, meno yameumana.

Domo akamtazama kwa wasiwasi. "Unaumwa?"

Darasa zima likacheka, na Injinia akacheka pia. Walipindisha mtaro ukalizunguka jiwe, na fundi bomba akaombwa aje Alhamisi. Kwa kuwa aliarifiwa mapema, hakulalamika. Jioni mdogo wake alipouliza, Injinia alichuchumaa akamwangalia machoni. "Bado. Leo tumekwama kwenye jiwe. Nadhani ni Ijumaa."

"Haya," alisema mtoto, akaenda kucheza.

Ijumaa koki zote tatu zilitoa maji. Moja ilivuja, ikambidi fundi bomba arudi aikaze mara mbili huku akinung'unika. Rangi ilikuwa na viraka pale ukuta ulipochimbuliwa. Lakini watoto wa chekechea walipanga foleni, sabuni ikipita mkono kwa mkono.

Mwalimu mkuu aliwageukia wanafunzi wa darasa la saba. "Wiki ile mlitoka jasho jingi, na kazi haikusogea, kwa sababu kila kundi lilifanya lake na hakuna aliyethubutu kusema mambo yameharibika. Wiki hii mmeulizana kabla ya kuanza, na mliposhindwa mmesema mapema. Ukificha tatizo, mwenzako hawezi kukusaidia. Hilo mlishike, hata nje ya ujenzi."

Injinia akamchukua mdogo wake mpaka darasa la saba. Ukutani ilikuwa imebaki kadi moja tu, ile waliyoiandika mwanzo kabisa. Akambeba juu, na mtoto akaing'oa kwa mikono yake iliyokuwa bado inachuruzika maji.

"Dada," aliuliza, "sasa mmemaliza?"

"Sasa tumemaliza."