Magunia Juu ya Kitanda cha Bibi Aurelia

Ottilia alikuwa amechoka. Tangu msimu wa kahawa uanze, aliamka kabla ya jogoo na kulala mgongo ukimuuma. Juzi tu yeye na mumewe, Othmar, walipandisha magunia kumi na moja ya mahindi kwenye dari la jikoni, kama wafanyavyo wengi hapa Kingerikiti, kwenye milima iliyo juu ya ziwa, ili moshi ufukuze wadudu. Chini ya dari hilo alilala mama mkwe wake, Bibi Aurelia. Bibi alipenda joto la moto.

Jumanne asubuhi ardhi ilitikisika. Sufuria ziligongana. Kabla Ottilia hajajua akimbilie wapi, kukatulia. Ukuta wa jikoni ulikuwa umepasuka toka juu hadi chini.

“Limepita hilo,” alisema Othmar. “Kesho nitaziba ufa kwa udongo.”

Mchana alifika jirani yao, Fundi Sixbert, aliyewahi kujenga Bukoba baada ya tetemeko la mwaka 2016. Alimwamkia Bibi, akatazama ufa, kisha dari, kisha kitanda.

“Mama Glorious,” alimwambia Ottilia, “shusheni mzigo huu leo hii.”

“Leo? Fundi, sina mgongo tena. Si limeshapita?”

“Tetemeko lina wafuasi. Mitikisiko mingine huweza kufuata kwa siku nyingi, na ukuta huu umeshachoka kuliko wewe.”

“Nani katuletea tetemeko hili?” aliuliza Bibi.

“Hakuna mtu, Bibi. Ziwa letu limekaa ndani ya Bonde la Ufa. Ardhi huku inavutwa pande mbili, polepole sana. Mwamba ukishindwa kuvumilia, unakatika na kuteleza. Hata Rukwa ilitikisika vibaya mwaka 1910.”

“Na wasomi hawajui siku?”

“Hawajui. Mchina mmoja alitengeneza chombo cha kuonyesha tetemeko la mbali, yapata miaka elfu moja na mia tisa iliyopita. Leo kuna mitambo inayochora kila mtikisiko. Lakini hakuna unaotaja siku ya tetemeko lijalo. Sisi tujiandae tu: vizito chini, vyepesi juu. Na kitanda kihame.”

“Kitanda changu hakitoki motoni,” alisema Bibi. “Na mahindi yakikaa chini yataliwa na panya.”

“Heri yaliwe mahindi, Mama!” Ottilia alisema kwa ukali, akajionea aibu.

Walishusha magunia hadi jioni, wakayapanga juu ya mbao sebuleni. Kitanda kilibaki. Ottilia hakuwa na nguvu za kupambana na magunia na Bibi siku moja.

Alhamisi mchana ardhi ilitikisika tena. Ottilia alikuwa uwanjani. Alisikia kishindo jikoni, na mtikisiko ulipokoma akakimbilia humo. Boriti ilikuwa imechomoka, mbao za dari zimeanguka kitandani. Bibi alikaa katikati yake, bega limechubuka, akikohoa vumbi.

Ottilia alimtoa nje. Akawaza yale magunia kumi na moja waliyoyashusha. Alilia kwa uchovu na kwa shukrani, bila kujificha.

“Mwanangu,” alisema Bibi, “hicho kitanda kihame.”

Kiangazi hicho walibomoa ukuta. Fundi Sixbert alilijenga upya jiko, akafunga mkanda wa zege wenye nondo juu ya kuta zote ili zishikane. Mahindi yako chini, yamefunikwa vizuri, na paka analindwa kama mtoto.

Siku hizi Bibi Aurelia akifika kwa watu, wakimwambia “Shikamoo,” hujibu:

“Marahaba. Juu ya kitanda mmeweka nini?”