Viatu Mlangoni Mwabungo

"Samaki keshafika Mwabungo. Nyumba ya bati jekundu. Una dakika kumi na tano."

Simu ikakatika. Kitsao, mkuu wa Twaiba, hakuwa mtu wa salamu akiwa kazini.

Twaiba alikanyaga mafuta. Probox ikaruka matuta ya Ukunda, tuktuk mbili zikampigia honi za matusi. Saa tisa alasiri, jua kali, bastola ya Glock 19 mapajani.

Alichokifuata kingetosha viganjani: kidhibiti cha kamera ya darubini iliyo kilimani Kinango. Msikidharau kisanduku hicho, jamani. Ndicho kinachoiamuru kamera lini ifumbue jicho, ipoe kiasi gani, na mwanga wa nyota iusome vipi, chembe kwa chembe. Kwenye kamera ya majasusi kingesoma nambari za meli zetu za doria kutoka mbali ajabu. Kiliibwa juzi. Mnunuzi, ndiye samaki, alikuwa mgeni aliyejiita Konrad.

Aliyekiiba, Idara ya Ujasusi haikumjua.

Aliliacha gari barabarani, akaenda kwa miguu. Mlangoni aliinama. Pwani huingii ndani ya nyumba ya watu na viatu, hata uwe mwizi. Jozi mbili. Buti za mgeni. Na makubadhi ya ngozi, la kushoto limeshonwa kwa uzi wa buluu.

Uzi ule aliununua yeye. Akashona yeye, Ramadhani iliyopita, mumewe akimtania kwamba anashona kama daktari wa ng'ombe.

Feisal. Fundi wa kamera wa Kinango. Asubuhi alimbusu kwenye paji la uso, akasema anapanda kilimani.

Wallahi, alitamani arudi garini, aendeshe mpaka mpakani Lunga Lunga asitazame nyuma. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema ufanyeje ikiwa bado unakipenda.

Redio ikamnong'oneza sikioni, sauti ya Kitsao.

"Wako wangapi?"

"Wawili."

"Wa pili unamjua?"

Twaiba aliikaza bastola mkononi.

"Namjua. Naingia."

Akausukuma mlango kwa bega.

"Mikono juu."

Kisanduku kilikuwa wazi mezani, bodi yake ya kijani imetolewa nje. Konrad aliirukia bodi kwa mkono mtupu. Na Feisal akafanya kosa ambalo fundi wa kamera peke yake angelifanya: akamdaka mgeni wake mkono.

"Huigusi bila ukanda mkononi! Umeme wa mwilini utaiunguza."

Miaka kumi alikuwa akiwakemea wanafunzi maneno hayo hayo, na mkono ulitangulia akili. Nusu sekunde ilimtosha Twaiba. Kitako cha bastola kikatua shingoni mwa Konrad, akaanguka kifudifudi, akafungwa pingu za plastiki.

Feisal ndipo alipomtazama usoni.

"Twaiba? Wewe si karani wa bima?"

"Ni karani, kama wewe usivyo mwizi."

Hakuna aliyecheka.

"Kwa nini, Feisal?"

"Nilikiunda mimi, wakaandika jina la mtu mwingine. Hawa waliniahidi maabara yangu mwenyewe kwao ng'ambo." Akamnyooshea Twaiba mikono. "Nilitaka twende sote."

"Hukuniuliza."

Alimfunga pingu taratibu, akapitisha kidole ndani ahakikishe hazimbani.

"Nitakuandikia talaka leo," Feisal akasema. "Wasije wakakufukuza kazi kwa ajili yangu."

Twaiba alikuwa amestahimili mengi katika kazi ile. Hilo lilimshinda.

"Usinitamkie, nakuomba. Mimi nimekukamata. Wewe usiniache."

Feisal aliinamisha kichwa, akalia kimya kimya.

Redio tena. "Mzigo?"

"Uko salama. Mnunuzi yuko hai."

"Na wa pili ni nani?"

"Feisal Mbarak," akasema Twaiba. "Mume wangu."

Kitsao aliilegeza sauti.

"Pole, mwanangu."

Gari la Idara lilipofunga breki nje, Twaiba alikibeba kisanduku kwa mikono miwili, akawapita wenzake bila neno, akatembea polepole hadi barabarani. Machozi yalimdondoka mpaka kidevuni. Mikono ilikuwa imejaa, hakuyafuta.