Kura ya Antipasi na Ng'ombe wa Mughwai

Kila asubuhi Anastazia alikamua ng'ombe asiyekuwa wao. Ng'ombe yule alikuwa wa Mughwai, rafiki wa mumewe Antipasi. Huko Ikungi, siku za utawala wa Waingereza, mtu mwenye ng'ombe wengi aliwagawa kwa rafiki zake wamtunzie. Ndama walikuwa wa mwenye ng'ombe. Maziwa na samadi vilikuwa vya mtunzaji. Samadi ilirutubisha shamba la uwele. Maziwa aliyanywa Dina, mtoto wa Anastazia, aliyeachishwa ziwa karibuni.

Mwaka ule wanachama wa ushirika wa karanga walikutana kumchagua mwenyekiti. Waligombea wawili, Alute na Zefania. Kila mwanachama alisimama nyuma ya mtu aliyemtaka. Mughwai alisimama nyuma ya Alute. Alipogeuka, alimwona Antipasi katika mstari wa Zefania. Mistari ikahesabiwa. Zefania akashinda.

Kesho yake Mughwai alifika kwa Antipasi na kamba mkononi.

"Nimekuja kumchukua ng'ombe wangu," alisema.

"Amekosa nini?" Antipasi aliuliza.

"Yeye hajakosa. Umekosa wewe. Kamwombe Zefania maziwa."

"Shemeji, mtoto atakunywa nini?" Anastazia aliuliza.

"Mwulize mumeo. Alipokwenda kusimama kule, hakumkumbuka mtoto?"

Antipasi hakubishana. Ng'ombe hakuwa wake. Alifungua zizi.

Mughwai alimpeleka ng'ombe moja kwa moja hadi kwa Alute. Alitaka Alute aone jinsi anavyomtetea. Alimkuta uani akijaza karanga katika gunia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ng'ombe huyo unampeleka mnadani?"

"Hapana. Nimemnyang'anya Antipasi. Alikukataa, mzee."

"Alikataa niwe mwenyekiti. Wewe umekataa mtoto wake anywe maziwa. Nani kati yenu amefanya ubaya?"

Mughwai alitazama chini. "Lakini wametushinda."

"Wametushinda, ndiyo. Mistari nimeihesabu mwenyewe, pamoja na Zefania. Ningeona udanganyifu, ningesema pale pale mbele ya watu wote. Sikuuona. Basi Zefania ni mwenyekiti wangu, na wako pia. Karanga hizi nampelekea yeye."

"Kwa hiyo tukae kimya?"

"Nani kasema? Mimi bado ni mwanachama. Mkutanoni nitamwuliza maswali mpaka atokwe na jasho. Mwakani nitagombea tena." Alute alifunga gunia. "Sikiliza, Mughwai. Bwana DC hatukumchagua sisi. Mwenyekiti wa ushirika tunamchagua. Sasa ukimwadhibu Antipasi kwa kura yake, mwakani ataogopa. Atasimama unapotaka wewe. Hapo atakuwa amemchagua nani?"

Mughwai alifikiri.

"Atakuwa amemchagua ng'ombe," alisema.

"Na mimi sitaki kura za ng'ombe."

Jioni Mughwai alimrudisha ng'ombe. Anastazia hakumsalimu. Alichukua kibuyu, akakamua, akampa mtoto. Dina alipomaliza kunywa, ndipo mama yake aliposema, "Karibu ndani, shemeji."

"Nilikosa," Mughwai alimwambia Antipasi.

"Ulikosa kweli. Kaa, chakula kinakuja."

Katika mkutano uliofuata, Alute aliuliza kuhusu mizani ya ushirika. Alisema inapunja. Zefania hakufurahi, lakini alimwita fundi. Fundi akakuta mizani ni mbovu, akaitengeneza. Tangu siku hiyo karanga za kila mkulima zilipimwa sawasawa, za waliomchagua Zefania na za waliomkataa.

Mwaka uliofuata mistari ilipangwa tena. Mughwai alisimama nyuma ya Alute, na Antipasi nyuma ya Zefania.

"Mughwai," mtu mmoja alimtania, "leo ukishindwa utachukua na kuku wa Antipasi?"

"Kuku nitamla kwake huko huko," Mughwai alijibu. "Hesabuni."

Wakahesabu. Alute akashindwa tena. Jioni ile Mughwai alikula kwa Antipasi, na wawili hao walibishana kuhusu Zefania mpaka Anastazia akawaambia wanamwamsha mtoto.